Kabla ya mota, nunua ndege ya pili

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbeya. Nimenunua dukani ndege ya kuchezea ya povu, ya kurushwa kwa mkono, mabawa yake sentimita 48 kutoka ncha hadi ncha. Wanafunzi wa klabu ya sayansi wanataka tuifunge mota na kuiongoza kwa rimoti. Tunalo gari bovu la kuchezea lenye rimoti yake, na betri kadhaa za simu za zamani. Je, hivyo vinatosha? Kama havitoshi, tununue nini na tuanzie wapi? Mfuko wa klabu ni mwembamba."

Marahaba, Mwalimu. Jambo lenyewe linawezekana, na ndege hiyo ni mwanzo mzuri kwa klabu. Ila nikuwahi kabla hamjalifungua lile gari: redio yake haifai, mota zake hazifai, na betri za simu hazifai. Shilingi ya kwanza itumieni kununua ndege ya pili kama hiyo mliyonayo. Sisemi iwe ya akiba. Mtaikata mabawa na mkia, muiongezee ile ya kwanza. Sababu ni fizikia tupu, utaweza kuiandika ubaoni.

Tuanze na uzito. Ndege hizi hutofautiana kiwandani, kwa hiyo ipimeni yenu kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, kwanza nzima, kisha baada ya kuchomoa kile kipande kizito cha puani. Kwa hesabu zetu tuchukulie povu tupu ni gramu 45. Sasa jumlisha vifaa: mota ndogo isiyo na brashi, gramu 20, kidhibiti mwendo chake, kile mafundi wanachokiita ESC, gramu 10, sevo mbili za SG90, yaani vimota vya kuchezesha usukani, gramu 9 kila moja, risiva ya kupokea amri za rimoti, 7, betri ya lithiamu polima ya seli mbili, 25, propela, waya, plagi na gundi, tuseme 10. Hizo ni gramu 90. Mmefika 135, mara tatu ya povu lenyewe.

Bawa la sm 48 lenye upana wa wastani wa sm 9.5 lina eneo la takriban mita za mraba 0.045. Ili ndege ibebwe, uzito wake lazima ulingane na nusu ya msongamano wa hewa, mara kasi kipeo cha pili, mara eneo la bawa, mara namba ya umbo la bawa, ambayo kwa bawa jembamba la povu haivuki sana 0.8. Usawa wa bahari msongamano wa hewa huhesabiwa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, unashuka hadi karibu 1.04, yaani pungufu ya asilimia 15. Ukifanya hesabu, kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani inatoka mita 8.4 kwa sekunde, kilomita 30 kwa saa. Kwa mwenzako aliye Tanga ingekuwa 28. Uwanja wa mpira wa mita 100 mnaumaliza kwa sekunde 12, na hapo ndege inakwenda polepole kadiri inavyoweza bila kuanguka. Kiuhalisia mtairusha kwa karibu kilomita 40 kwa saa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika rimoti hana nafasi.

Sasa ongezeni mabawa ya ndege ya pili. Urefu kutoka ncha hadi ncha unafika kama sm 85, eneo kama mita za mraba 0.08. Povu la ziada, fito ya mwanzi na gundi vinaongeza gramu 30 hivi, jumla 165. Kasi ya chini inashuka hadi mita 7 kwa sekunde, kilomita 25 kwa saa. Tofauti ya kilomita 5 inaonekana ndogo ukiiandika ubaoni, lakini nishati ya kugonga ardhi inafuata kasi kipeo cha pili: kila gramu ya ndege inaanguka na nishati pungufu kwa asilimia 30. Mota nayo inahitaji nguvu kidogo kuibeba, ndege inateleza mbali zaidi mota ikizimwa, na ikiwa mbali macho bado yanaiona. Mambo yote hayo yameletwa na kichezeo cha bei ya chini, wakati mota yenye nguvu zaidi isingeleta hata moja.

Ndugu wawili wa Wright, Marekani, walirusha ndege zisizo na injini mwaka 1900, 1901 na 1902, na walipoona ya 1902 inatii mkono ndipo wakatengeneza injini ya mwaka 1903. Nawaona vijana wengi wakienda kinyume: mota inafungwa Jumamosi asubuhi, na mchana povu linaokotwa vipande.

Kabla ya kisu, jueni mna povu la aina gani. Kunjeni kona ndogo ya bawa. Ikikunjika na kurudi kama mpira, hiyo ndiyo aina nzuri, na ndege nyingi za kurusha kwa mkono huwa hivyo. Ikikatika kwa mlio na kuonyesha punje nyeupe, ni lile povu la kasha la televisheni. Hilo la pili huliwa na supaglu, petroli, thina na rangi ya kupuliza. Kwa hilo tumieni gundi maalumu ya povu au gundi nyeupe ya mbao, na mvumilie ikauke. La kwanza linapokea supaglu na gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto. Gundi hiyo ya moto ni nzito kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo iwekwe kwa tone, isimwagwe.

Kuunga mabawa: bawa la ndege ya kwanza likatwe ncha zote mbili pale linapoanza kuwa jembamba. Bawa la ndege ya pili likatwe katikati, na kila nusu iunganishwe kwenye ncha iliyokatwa ya bawa la kwanza, upana ulingane kabla ya gundi kuguswa. Sugueni kwa msasa mpaka nyuso zikutane bila mwanga kupita. Kisha chaneni mfereji chini ya bawa, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, mzamishe humo fito ya mwanzi iliyopasuliwa, unene kama milimita 4, urefu sm 60, ipite katikati ya ndege na kuvuka viungo vyote viwili. Vijiti vya mishikaki ni vifupi mno kwa kazi hiyo isipokuwa mkivipandanisha. Bandikeni selotepu ya nyuzi juu ya mfereji. Shikeni bawa kwenye ncha zote mbili, mbonyeze katikati kwa kidole: likipinda kama upinde, fito haitoshi.

Bawa hilo lisiwe bapa. Ndege yenu haitakuwa na eleroni, yaani vipande vya kulazia bawa upande mmoja, maana hivyo vinahitaji sevo zaidi na mikono iliyozoea. Itageuzwa na usukani wa mkia peke yake, na usukani hugeuza vizuri pale tu mabawa yanapopanda kidogo kwenda kwenye ncha, mfano wa herufi V iliyofunguka sana. Ulazeni upande mmoja wa bawa juu ya meza na ncha ya upande wa pili iinuke sm 8 hadi 9. Kwa hiyo hata fito ya mwanzi ipindwe katikati: ichemsheni kwenye mvuke wa sufuria au ikateni mbili na mzipandanishe, mfunge kwa uzi na gundi. Povu la ndege nyingi za dukani limenyooka sana, na hapo ndipo wengi wanashangaa kwa nini usukani unavuta pua pembeni lakini ndege haigeuki.

Mkia nao ni lazima ukue. Bawa likiongezeka eneo na mkia ukabaki vilevile, mkia hauna tena nguvu ya kuituliza pua. Chukueni mkia mlalo wa ndege ya pili, muukate katikati, na muongeze kila nusu kwenye ncha ya mkia wa kwanza. Pezi la wima liongezwe urefu kwa kipande cha povu kinachobaki. Kijiti kimoja cha mshikaki kwenye mkia mlalo kinatosha kuukaza. Ndege nyingi za aina hii zina nafasi mbili za kuchomekea mkia, moja ya kuruka moja kwa moja na nyingine ya kupiga duara angani. Tumieni ya kuruka moja kwa moja. Ile ya duara huinamisha mkia ili pua ipande, na mkiongeza mota juu yake, ndege itajipindua mgongoni mbele ya wanafunzi.

Hapo sasa kuna jaribio ambalo ningependa mlifanye kabla ya kuagiza chochote. Tengenezeni vifaa vya uongo kwa udongo wa mfinyanzi au plastisini: bonge la gramu 30 puani badala ya mota na kidhibiti, la gramu 25 nyuma yake badala ya betri, la 25 chini ya bawa badala ya sevo na risiva, na vipande vidogo kuelekea mkiani badala ya waya. Kisha tafuteni kitovu cha uzito. Wekeni vidole viwili chini ya bawa, kila kidole nusu ya umbali kati ya mwili na ncha, na msogeze hadi ndege itulie mlalo. Mahali pa kutulia pawe robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, na si zaidi ya asilimia 30. Kwa bawa la sm 9.5 hiyo ni kati ya sm 2.4 na 2.8. Bawa likiwa limelala kwenda nyuma, vipimo vyote vichukuliwe hapohapo vidole vilipo, siyo kwenye mwili.

Nendeni kwenye nyasi ndefu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Rusheni kwa usawa wa bega, pua ikitazama chini kidogo, kwa msukumo wa mkono na siyo kwa nguvu ya kutupa jiwe. Ikiteleza mita 8 hadi 10 kwa mstari mmoja na kutua kwa tumbo, mmeipata. Ikipanda, ikasimama hewani, halafu ikadondosha pua na kurudia tena, mkia unaisukuma pua juu kupita kiasi: hakikisheni kwanza kitovu cha uzito kiko mahali pake, kisha inueni ukingo wa mbele wa mkia mlalo kwa kipande cha kadi. Ikipiga mbizi moja kwa moja, fanyeni kinyume chake. Ikivutwa upande mmoja kila mara, tazameni bawa kutoka nyuma. Karibu daima kuna ncha moja iliyopinda, na povu laini hunyooka ukilipasha kwa mvuke au kwa mashine ya kukaushia nywele. Rudieni mpaka wanafunzi waweze kutabiri itatua wapi. Na ikishindikana kabisa, hasara yenu ni povu na udongo.

Turudi kwenye gari lenu. Rimoti za magari ya bei rahisi, hasa za zamani, hutumia masafa ya megahezi 27, 40 au 49, na amri zake huwa ni washa au zima: kushoto kote, kulia kote, hakuna katikati. Gari linavumilia hilo kwa sababu likisimama limesimama. Pia mawasiliano yake hukatika baada ya makumi machache ya mita, na yakikatika hakuna anayeweza kusema mota itafanya nini. Mota yenyewe, ile ya duara yenye pande mbili bapa, ina uzito wa karibu gramu 17 na chuma ndani yake. Inakula umeme mwingi kwa mvuto mdogo. Iacheni igeuze magurudumu.

Betri za simu zinadanganya zaidi, kwa sababu namba zilizoandikwa juu yake zinavutia. Ile BL-5C ya Nokia ambayo siku hizi imo kwenye kila redio ndogo imeandikwa volti 3.7 na miliampea-saa 1,020. Lakini uwezo wa kuhifadhi umeme na uwezo wa kuutoa kwa haraka ni vitu viwili. Betri ya simu imetengenezwa itoe umeme wake taratibu kwa saa nyingi. Ukiidai ampea 4 au 5 kwa mpigo, volti zake zinaporomoka, au saketi yake ya ulinzi inakata, na risiva inazimika ndege ikiwa juu. Betri ya lithiamu polima ya michezo huandikwa namba yenye herufi C: miliampea-saa 450 yenye 25C inadai kuweza kutoa zaidi ya ampea 11. Hata kama muuzaji amezidisha mara mbili, bado inatosha.

Kwa hiyo mnunue nini. Rimoti kwanza, na hapo msibane sana matumizi, kwa sababu ndege zitavunjika na rimoti itabaki, itafaa hata kwa mashua au gari la mradi mwingine. Iwe ya gigahezi 2.4, yenye chaneli, yaani amri zinazojitegemea, 4 au zaidi. FlySky FS-i6 ni ya chaneli 6, bei yake ni ya wastani, na huuzwa pamoja na risiva. Risiva lazima zizungumze lugha moja na rimoti. Ya kampuni nyingine haitashikana nayo hata kama zote ni 2.4. Ganda la plastiki la risiva mnaweza kulivua kupunguza gramu, mkaifunika kwa selotepu, ila antena zake msiziguse.

Mota iwe ndogo isiyo na brashi, ya daraja la 1806, kasi mizunguko kama 2,300 kwa kila volti, na propela ya inchi 5. Kwa betri ya seli mbili inavuta gramu 150 bila kuhema, nanyi mnahitaji kama 90 tu, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa ndege. Mtu akiwashauri mota ya A2212, ambayo imejaa kwenye maduka ya vifaa vya roboti, mkataeni kwa heshima: ina karibu gramu 50. Kidhibiti mwendo kiwe cha ampea 10 au 12 chenye kitoa volti 5 ndani yake, maana hicho ndicho kitakacholisha risiva na sevo bila betri ya pili. Sevo za SG90 zinafaa. Mkipata za gramu 4, mmeokoa gramu 10, lakini msizitafute kwa udi na uvumba.

Betri nunueni kwa muuzaji aliye nchini. Wasafirishaji wengi hukataa kubeba kwa ndege betri za lithiamu zilizo peke yake, na kifurushi chenu kinaweza kukaa njiani mkakisahau. Pamoja nayo nunueni chaja inayosawazisha seli. Ya simu haifai. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, na msiishushe chini ya 3.5 mkiwa angani. Chaji kwa kasi ya 1C, yaani ampea 0.45 kwa betri ya 450, juu ya vigae au sufuria ya udongo, na mtu akiwepo. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kidogo, hata kwa majaribio. Zisipotumika wiki nzima ziachwe kwenye volti 3.8 kwa seli. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi arobaini chumbani, haya ndiyo maneno ningeyabandika ukutani.

Kufunga vifaa kunakwenda haraka mkishakuwa na ndege inayoteleza, kwa sababu mabonge ya udongo yamewaonyesha kila kitu kinakaa wapi. Toa bonge, weka kifaa. Mota ikae puani juu ya kipande cha plywood chembamba au plastiki ngumu, ikitazama chini nyuzi 3 au 4 na kulia nyuzi 2. Inaonekana kama imefungwa kwa uzembe, lakini bila hivyo kila mkiongeza moto, yaani nguvu ya mota, pua itapanda na kuvutwa kushoto. Propela ishikwe kwa raba bendi badala ya nati, ili ikigusa ardhi iruke pembeni badala ya kukatika au kupinda shafti ya mota. Betri ikae kwenye shimo lenye nafasi ya kuisogeza mbele na nyuma. Hiyo ndiyo itakayorekebisha kitovu cha uzito, wala msiongeze madini ya risasi puani.

Mkia mlalo ukatwe theluthi ya nyuma iwe elevata, yaani kipande cha kupandisha na kushusha pua, na pezi likatwe vivyo hivyo liwe usukani. Kingo za kukutania zichongwe mshazari, kisha bawaba iwe selotepu angavu iliyobandikwa upande mmoja, sehemu ikiwa imekunjwa hadi mwisho ili isikaze. Nusu mbili za elevata ziunganishwe kwa kijiti, la sivyo kila moja itakwenda kwa mapenzi yake. Pembe za kuvutia, vile vipande vya kushikia fimbo kwenye elevata na usukani, zikatwe kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Fimbo za kusukuma, zinazotoka kwenye sevo, ziwe waya wa chuma wa milimita 0.8 ndani ya mirija ya pamba za masikio, iliyogundishwa mwilini kila baada ya sm 6 ili waya usipinde ukisukumwa. Spoku za baiskeli ni nzito kwa mkia, na gramu moja ya mkiani inadai gramu tatu za puani. Usukani ucheze nyuzi 20 kila upande, elevata 10 hadi 12 tu. Mgeni huzidisha elevata kila mara.

Kabla ya kutoka shuleni kuna mambo ambayo lazima yafanyike bila propela kufungwa. Vuta kijiti nyuma: elevata ipande. Peleka kulia: usukani uende kulia ukiutazama kutoka nyuma. Weka rimoti mpangilio wa usalama ili mawasiliano yakikatika mota izime, kisha uzime rimoti kweli uone kama inazima. Halafu mtu ashike ndege, mwingine atembee na rimoti mpaka mwisho wa uwanja akichezesha vijiti. Sevo zikianza kutetemeka, kagueni antena kwanza.

Uwanja uwe mbali na barabara, nyaya za umeme na kiwanja cha ndege, na watu wote wasimame nyuma ya mrushaji. Mamlaka ya anga nchini ni TCAA, na kifaa kinachorushwa kwa redio kiko chini ya macho yao. Andikeni barua ya shule mkiwaeleza uzito wa ndege, uwanja na lengo la klabu, kabla ya kurusha. Barua hiyo iende pia na nakala kwa mkuu wa shule na serikali ya mtaa. Mambo ya ndege ndogo angani huzua maswali haraka, hasa ikiwa kuna kituo cha ulinzi jirani.

Siku ya kurusha, mtu mmoja arushe na mwingine ashike rimoti. Moto theluthi mbili, msukumo wa usawa kuelekea upepo unakotoka, pua isitazame mbinguni. Safari ya kwanza iwe mita 30 mbele, moto uondolewe, itue. Hakuna kugeuka. Mkigeuka baadaye, geukeni kwa usukani kidogo na elevata kidogo, mkiwa juu ya urefu wa miti. Ndege ikiwa inawajia, kushoto na kulia vinabadilishana, na hapo ndipo nyingi huanguka. Mwambie mwanafunzi asifikirie: asukume kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. Wenye kompyuta wazoeze vidole kwa programu ya kuigiza urushaji kabla ya siku hiyo. Upepo ukivuka mita 3 kwa sekunde, majani ya migomba yakianza kupigapiga, rudini darasani. Betri ya 450 itawapa dakika 6 hadi 8 za kuruka kwa upole. Wekeni kengele kwenye saa ya rimoti dakika ya 5.

Na propela mkiagiza, agizeni angalau nne.